Marekani vifo vya kuzidisha dawa za kulevya vinapungua: vimepunguaje, na Dar inatuhusu nini?

Habari ikishatua kwenye kundi la WhatsApp la mtaa, haichukui muda kubadilika sura. Hii ya Marekani ilianza vizuri: vifo vinavyotokana na kuzidisha dawa za kulevya vimeshuka kwa kasi ambayo nchi hiyo haikuwahi kuiona ndani ya mwaka mmoja. Ilipofika kwenye vijiwe vya kahawa vya Kariakoo na Magomeni ilikuwa imeshakuwa habari nyingine. Mmoja anasema Wamarekani wameacha unga. Mwingine anasema mapusha wote wamefungwa. Wa tatu anasema imepatikana dawa ya kuponya uteja, ya kupuliza puani, ukiipata mara moja basi. Zote tatu si kweli. Ila hiyo ya tatu imebeba chembe ya ukweli, na chembe hiyo inaweza kumwokoa kijana wa Manzese au Temeke usiku wa leo, kwa hiyo inafaa tuichambue polepole.

Kwanza tuelewane kwenye maneno. Mraibu ni mtu ambaye ubongo na mwili wake vimeshaizoea dawa kiasi kwamba akiikosa anaumwa. Kuumwa huko ndiko mtaani wanakoita arosto: kutetemeka, kutapika, kuharisha, mifupa yote kuuma. Aliyewahi kumuuguza ndugu mwenye arosto hawezi kumwambia "acha tu".

Kuzidisha dozi ni jambo jingine. Ni pale dawa iliyoingia mwilini inapozidi kile ambacho mwili unaweza kuhimili kwa wakati huo. Nasisitiza "kwa wakati huo". Mtu anaweza kuzidiwa na kete moja, ile ile aliyoizoea, kwa sababu jana iliuzwa imechakachuliwa sana na leo haikuchakachuliwa, au kwa sababu leo ameichanganya na pombe na vidonge vya usingizi, au kwa sababu ametoka gerezani juzi na mwili umeshasahau.

Halafu kuna dawa jamii ya afyuni. Huu ni ukoo mmoja mkubwa. Ndani yake kuna morfini wanayopewa wagonjwa wa saratani pale Ocean Road, kuna tramadoli, kuna heroini ambayo ndiyo unga wenyewe, na kuna fentanili, inayotengenezwa maabara bila kuhitaji shamba lolote la mpopi, mmea unaotoa afyuni, na yenye nguvu takriban mara 50 ya heroini. Fentanili ina kazi yake halali hospitalini, hasa kwenye upasuaji. Iliyoua Wamarekani kwa wingi ni ile inayopikwa kwa magendo.

Dawa hizi zinauaje? Kwa kusimamisha pumzi. Ndani ya ubongo kuna sehemu inayotufanya tupumue hata tukiwa tumelala fofofo. Ichukulie sehemu hiyo kama daladala. Unga ni abiria: ukipanda unakaa, na kila siti unayoikalia inapunguza kasi ya kupumua. Siti chache zikikaliwa, maumivu yanaondoka na mtu anasikia raha na usingizi. Zikikaliwa nyingi mno kwa mpigo, pumzi inakata. Fentanili ni abiria wa kudandia, anajaza gari kabla konda hajagonga bodi, ndiyo maana inaua haraka.

Naloksoni ndiyo hiyo dawa ya kupuliza puani iliyozua maneno, ingawa ipo pia ya sindano. Huyu ni abiria mbabe. Akipanda anawanyanyua waliokaa na kukaa yeye, na yeye hapunguzi pumzi ya mtu. Ndani ya dakika mbili au tatu mtu aliyekuwa amelegea anavuta hewa na kufumbua macho. Lakini safari ya mbabe huyu ni fupi. Baada ya nusu saa, au saa moja na nusu akichelewa sana, anashuka, na unga aliounyanyua bado umening'inia mlangoni unasubiri siti. Ndiyo maana aliyezinduliwa anaweza kuzimika tena, na ndiyo maana hapaswi kuachwa peke yake hata akisema yuko fiti. Naloksoni haitibu uraibu. Wala haimsaidii aliyezidiwa na pombe, kokeini au methamfetamini, kwa kuwa hao wamepanda gari jingine kabisa.

Na methadoni? Ni ya ukoo huo huo wa afyuni, ila ni abiria mtulivu anayeshukia kituo cha mwisho. Dozi ikipimwa vizuri na daktari, hupanda taratibu, hukaa siku nzima, huzuia arosto bila kumpa mtu stimu, na unga ukija baadaye haupati nafasi ya kufanya vituko vyake.

Sasa tuziangalie takwimu, maana hapa ndipo watu wengi wanapotea.

Mwaka 1999 Marekani ilihesabu vifo karibu 17,000 vya kuzidisha dawa. Kabla ya hapo, mwaka 1996, kampuni ya Purdue ilikuwa imeingiza sokoni vidonge vya maumivu vya OxyContin na kuwashawishi madaktari kwamba hatari ya uraibu ni ndogo. Watu wakaandikiwa vidonge kwa maumivu ya mgongo wakaishia kuwa waraibu. Vidonge vilipobanwa, kuanzia mwaka 2010 hivi wengi wakahamia kwenye heroini. Kuanzia mwaka 2013 fentanili ikaanza kuingizwa kwenye heroini hiyo, na baadaye kwenye vidonge bandia. Mwaka 2021 vifo vikavuka 100,000 kwa mara ya kwanza. Mwaka 2022 vikakaribia 108,000, mwaka 2023 vikawa takriban 105,000, kisha mwaka 2024 vikaporomoka hadi takriban 79,000. Ndani ya mwaka mmoja imeondoka karibu robo. Vifo vinavyohusisha fentanili na ndugu zake wa maabara vilishuka kutoka takriban 73,000 hadi chini ya 50,000.

Ni nafuu kubwa. Lakini tuihesabu vizuri nafuu hiyo. Vifo 79,000 ni zaidi ya watu 210 kila siku ya Mungu. Ni takriban vifo 23 kwa kila watu 100,000. Chukua kiwango hicho, kile cha baada ya nafuu, ukilete Dar es Salaam iliyohesabiwa watu 5,383,728 kwenye sensa ya 2022: ni mazishi zaidi ya 1,200 kwa mwaka, zaidi ya 100 kila mwezi, ya kuzidisha dawa peke yake. Nani angesema tumeshinda?

Kosa lingine ni kudhani kwamba vifo vikipungua basi watumiaji wamepungua. Hivi ni vitu viwili. Mtu anaweza kuendelea kutumia leo, kesho na mwezi ujao, na asife, kwa kuwa aliyekuwa jirani yake alikuwa na naloksoni mfukoni. Kwenye takwimu za vifo huyo hayumo. Kwenye takwimu za uraibu bado yumo. Mimi naona hilo ni jambo jema kabisa, sitaki kulionea haya, kwa sababu aliye hai anaweza kuja kutibiwa.

Kwa nini basi vimepungua? Wataalamu wa huko wenyewe hawakubaliani juu ya uzito wa kila sababu, ila sababu zenyewe zinajulikana. Mwezi Machi 2023 mamlaka ya dawa ya Marekani iliruhusu naloksoni ya puani iuzwe bila cheti cha daktari. Ikaenea: maduka ya dawa, maktaba, mifuko ya polisi, mikoba ya akina mama wenye watoto wanaotumia. Mwishoni mwa mwaka 2022 liliondolewa sharti lililomtaka daktari awe na kibali maalumu kabla ya kuandika buprenofini, dawa ya matibabu inayofanana kazi na methadoni. Majimbo karibu yote yana sheria inayomkinga kwa kiasi fulani anayeita msaada, ili asiogope kwamba gari la wagonjwa litakuja na pingu. Watumiaji nao wamebadilika, wengi wameacha kujidunga na sasa wanavuta moshi.

Fentanili ya mtaani pia inaonekana kupungua makali. Idara ya Marekani ya kupambana na dawa za kulevya ilipopima vidonge bandia ilivyokamata, mwaka 2023 vidonge saba kati ya kumi vilikuwa na kiasi kinachoweza kuua. Mwaka 2024 vilikuwa vitano kati ya kumi. Kwa hiyo wanaosema ukamataji haukuchangia chochote nao wanazidisha. Lakini wanaosema ni ukamataji peke yake waeleze kwa nini vifo viliendelea kupanda kwa zaidi ya miaka 20 huku magereza yakijaa watumiaji.

Ipo sababu moja ambayo watu hawapendi kuitaja. Baadhi ya waliokuwa kwenye hatari kubwa zaidi wameshakufa. Moto unapungua kwa sababu umeshakula kuni. Kama sehemu ya nafuu hii imetokana na hilo, basi hiyo sehemu si mafanikio ya mtu yeyote.

Nafuu yenyewe haikugawanywa sawa. West Virginia, jimbo lililoumizwa miaka mingi, lilishuka sana mwaka 2024, wakati Nevada na South Dakota zilipanda kidogo. Wenyeji wa asili wa Amerika na Alaska wameendelea kuwa na viwango vya juu kuliko makundi mengine. Na kuzidisha dawa bado kulikuwa chanzo cha kwanza cha vifo kwa Wamarekani wa miaka 18 hadi 44.

Umri huo ndio unaoeleza uzito wa jambo hili kwa afya ya jamii. Anayekufa na miaka 30 ana watoto, ana wazazi anaowatunza, ana miaka 40 ya kazi mbele yake. Watafiti walikadiria kwamba kati ya mwaka 2011 na 2021 zaidi ya watoto 320,000 wa Marekani walifiwa na mzazi kwa sababu ya kuzidisha dawa. Vifo vya vijana vinavuta chini wastani wa umri wa kuishi wa taifa zima. Wastani wa Marekani ulishuka hadi miaka 76.4 mwaka 2021, sehemu kubwa kwa ajili ya UVIKO-19 lakini unga nao ukiwa na mkono wake. Mwaka 2024 ulifika miaka 79, na kupungua kwa vifo hivi ni moja ya sababu.

Tuje nyumbani.

Dar es Salaam haikukaa mikono mitupu, na hili tulisemee kwa sauti, maana tunapenda kudhani kila jambo jema linaanzia ng'ambo. Mwezi Februari 2011 Hospitali ya Taifa Muhimbili ilifungua kliniki ya methadoni, ya kwanza ya umma katika bara la Afrika kusini mwa Sahara ukiacha visiwa. Zikafuata Mwananyamala na Temeke, kisha mikoani. Utafiti wa miaka ya 2000 hapa jijini ulikuwa umeonyesha kwamba karibu wanne kati ya kumi wanaojidunga walikuwa na virusi vya Ukimwi. Wengine walikuwa wakichangia damu ndani ya bomba la sindano ili kupunguziana arosto. Kliniki ilizaliwa na hofu hiyo, na mpaka leo anayekuja kunywa methadoni hupimwa pia VVU, kifua kikuu na homa ya ini hapo hapo.

Ukifika asubuhi unakuta foleni dirishani. Mfamasia anahakiki jina, anapima dawa ya maji kwenye kikombe kidogo, mteja anainywa pale pale mbele yake na kusema neno moja mbili ili ionekane ameimeza. Kisha anaondoka kwenda kubeba mizigo sokoni, kuosha magari, kukaanga chipsi. Kesho tena, na keshokutwa, Jumapili na sikukuu zikiwemo. Nauli ya kwenda na kurudi kila siku imewashinda wengi kuliko dawa yenyewe.

Hapa ndipo panaposikika neno linaloniuma zaidi: "Wamebadilishiwa unga tu, wametoka kwa pusha wamehamia kwa serikali." Ndugu zangu, angalieni maisha. Anayetumia unga anahitaji dozi mara kadhaa kwa siku, hajui kilichomo ndani ya kete, na pesa ya kila kete lazima ipatikane kwa njia yoyote. Anayekunywa methadoni anajua kipimo chake kwa miligramu, hana arosto, haibi sufuria la mama yake. Mgonjwa wa kisukari anayechoma insulini miaka 20 hakuna anayemwambia amekuwa teja wa insulini.

Kwenye naloksoni bado tuko nyuma. Unaikuta hospitalini, ya sindano, mikononi mwa wauguzi na madaktari. Anayezimika kwenye gofu la nyuma ya soko yupo na wenzake wawili watatu, na mpaka bajaji ipatikane, foleni ya Morogoro ikatike na mapokezi yamalizike, ubongo umeshakosa hewa. Shirika la Afya Duniani lilishauri tangu mwaka 2014 kwamba dawa hii iwafikie watu walio na uwezekano wa kushuhudia mwenzao akizidiwa, pamoja na mafunzo ya kuitumia. Hofu kwamba itawapa watu jeuri ya kutumia zaidi haina msingi, na mtumiaji yeyote atakwambia sababu: ikishakuzindua inakutupa kwenye arosto kali papo hapo. Hakuna anayeitafuta hali hiyo kwa raha.

Wenzake huyo aliyezimika, kwa kukosa dawa na kuogopa kuulizwa PF3, ile fomu ya polisi, hufanya wanachokijua. Wanammwagia maji ya baridi. Wanamnywesha maziwa. Wanamdunga maji ya chumvi. Wanamkimbiza huku na huku wakimpiga makofi. Maziwa ndiyo mabaya kupita yote, kwani asiyejitambua hamezi, yanaingia mapafuni na kumnyima hata ile hewa kidogo aliyobakiwa nayo.

Asubuhi anakutwa amekufa. Familia inasema alikuwa anaumwa kifua. Anazikwa alasiri, na kwenye karatasi, kama ipo, imeandikwa alishindwa kupumua. Vifo vingi vya namna hii haviingii kwenye hesabu yoyote. Marekani imejua kwamba vifo vimepungua kwa sababu kwa miaka mingi wamekuwa wakipima damu ya marehemu na kuandika kilichomuua. Sisi kuficha tunakuita kusitiri. Nauelewa uchungu wa mzazi, lakini mwanawe asipohesabiwa, hakuna bajeti itakayopangwa kwa ajili ya mtoto wa jirani.

Na tusijidanganye kwamba fentanili ni shida ya Wazungu. Heroini yetu hutoka zaidi Afghanistan na kushushwa pwani ya Afrika Mashariki kwa majahazi. Aprili 2022 Taliban walipiga marufuku kilimo cha mpopi, na mwaka 2023 Umoja wa Mataifa ukapima kwamba mashamba yamepungua kwa asilimia 95. Shehena ziliendelea kuja, labda kutokana na akiba. Mwezi Desemba huo huo wa 2023 Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ilitangaza kukamata kilo 3,182 Dar es Salaam na Iringa, kilo 1,000 na ushee zikiwa heroini na nyingine methamfetamini. Marekani imeshatufundisha kinachotokea heroini inapoadimika: muuzaji anajazia na kitu cha maabara, kidogo na cha bei nafuu, na mnunuzi haambiwi. Mji ambao hauna naloksoni mtaani ukikutwa na mchanganyiko huo, hautapata muda wa kujipanga.

Kwa sasa, wale walio hatarini kuliko wote ni wanaorudi. Aliyetoka gereza la Segerea au Keko, aliyemaliza miezi kadhaa kwenye nyumba ya upataji nafuu, aliyekuwa ameacha akateleza. Mwili umepoteza mazoea, lakini kichwa kinakumbuka kipimo cha zamani. Anachukua kete alizokuwa akitumia kabla, na zile zile zinamuua. Kama una ndugu wa namna hiyo, mwambie wazi, bila matusi. Kumwambia hakumrudishi kwenye unga.

Ukimkuta mtu amezimika, mtikise bega, mwite kwa nguvu. Tazama kifua kama kinapanda. Pumzi ya mmoja mmoja, mkoromo wa ajabu, midomo na kucha kuwa rangi ya majivu, mboni za macho kuwa ndogo mno: hizo ni dalili za dawa jamii ya afyuni. Tuma mtu alete usafiri huku wewe ukibaki naye. Mlaze chali, inua kidevu, bana pua, mpulizie pumzi mdomoni moja kila baada ya sekunde tano, na uendelee hata njiani. Akianza kupumua mwenyewe mgeuze alale ubavu ili akitapika asipaliwe. Ukifika hospitali sema ametumia nini na amechanganya na nini, maana daktari akijua ni unga anajua pia pa kuanzia.

Methadoni hutolewa bure Muhimbili, Mwananyamala na Temeke. Mara nyingi mtu hufika kliniki kwa kupitishwa na wahamasishaji wa asasi za kijamii wanaozunguka maskani, na wengi wao ni watu waliowahi kutumia. Mwulize yeyote kwenye kliniki hizo, au mhudumu wa afya wa mtaa wako, akuunganishe nao. Na ukikutana na kiongozi wako wa mtaa au diwani, mwulize naloksoni itafika lini nje ya kuta za hospitali.